Maneno ya Kale Yaliyosalia Katika Maisha ya Kila Siku

Siku moja, katika kusahihisha insha za watoto wa shule iliyo jirani na Tosamaganga, tulikutana na sentensi hii: "Baba alikwenda bondeni kukata milanzi." Tukatwaa kalamu nyekundu, tukalifuta neno la mwisho, tukaandika juu yake "mianzi", tukidhani kwamba tumeitengeneza kazi ya mtoto. Kesho yake mtoto yule akasimama kwa adabu akauliza, "Samahani, Mwalimu, basi ile pombe anayoigema baba, nayo tuiite uanzi?" Darasa zima likacheka, nasi tukacheka pamoja nao, lakini swali lile halikutuacha. Maana pombe itokayo katika mwanzi hapa Iringa huitwa ulanzi, wala hakuna mtu, awe Mhehe, Mbena au mgeni apitaye njia kuu, aiitaye kwa jina jingine. Na mti utoao ulanzi waweza kuitwaje ila mlanzi?

Tulipochunguza zaidi tulitambua kwamba mtoto hakukosea ila kwa kipimo cha kitabu. Neno lake lilikuwa neno lile lile letu, ila lilikuwa la kale zaidi kuliko letu. Kwa hiyo tumeona yafaa kuwaandikia walimu na wachungaji wenzetu habari ya maneno ya namna hii, yaani maneno ya zamani na ya lahaja, yaliyotoweka katika Kiswahili cha vitabu au yaliyofichwa ndani yake, lakini yangali hai katika salamu, katika jiko, katika hesabu, katika methali na katika majina ya vilima vyetu.

I. Herufi L iliyopotea

Tuanze na mlanzi wenyewe. Wakikuyu wa Kenya, walio mbali sana nasi, huuita mwanzi *mũrangi*. Ukiviweka pamoja mũrangi, mlanzi na mwanzi, utaona kwamba ni jina moja. Mahali pa r ya Kikuyu pana l ya Iringa. Na katika Kiswahili cha pwani herufi ile imetoweka kabisa, na irabu zikakutana.

Jambo hili si la neno moja tu. Mswahili husema *njaa*, Mnyakyusa wa Rungwe husema *injala*. Mswahili husema *mvua*, Mgogo husema *mvula*, na Mnyakyusa *ifula*. Mswahili husema *mguu*, Mzaramo husema *mgulu*. Pwani l iliyokuwa kati ya irabu mbili ilidhoofika hata ikaanguka, bara ilibaki. Haikuanguka kila mahali, kwa kuwa twasema *lima*, *lala* na *lia* hata leo; lakini ilianguka katika maneno mengi.

Mwalimu atauliza, "Yanifaa nini habari hii?" Yamfaa sana katika somo la sarufi. Kila mwaka wanafunzi hutuuliza kwa nini *zaa* hufanya *zaliwa*, *twaa* hufanya *twaliwa*, *nunua* hufanya *nunuliwa*, *lea* hufanya *lelewa*, na *oa* hufanya *olewa*. Hiyo l yatoka wapi? Walimu wengi hujibu kwamba imeingizwa ili kupendeza sikio. Jibu la kweli ni kwamba haikuingizwa. Ilikuwapo tangu zamani, ikaanguka mwishoni mwa kitenzi, ikasalia pale ilipolindwa na kiungo kinachofuata. Baadaye desturi ikazoeleka hata vitenzi vilivyotoka Uarabuni, ambavyo havikuwa na l hiyo kamwe, vikaifuata: *sahau* ikafanya *sahauliwa*, na *dharau* ikafanya *dharauliwa*. Mtoto wa nyanda za juu, ambaye nyumbani husikia l hizo kila siku, aweza kulielewa jambo hili upesi kuliko mtoto wa pwani, kama mwalimu wake hajamtia haya kwanza.

Wala tusidhani kwamba pwani yote huenda pamoja. Kusini mwa kisiwa cha Unguja, huko Makunduchi, lugha ya wenyeji huitwa Kikae, yaani lugha ya *kae*. Na kae si kitu kingine ila *kale* iliyopotewa na l yake. Kiswahili sanifu kimeihifadhi l katika neno hilo, na wenye lugha ya kale wenyewe wameipoteza. Kwa hiyo haifai kusema kwamba mahali fulani pana maneno yote ya kale na pengine hapana. Kila mahali pamehifadhi kitu na kupoteza kitu.

II. Salamu

Mgeni afikaye Tosamaganga neno la kwanza kulisikia ni *Kamwene*. Wahehe na Wabena husalimiana kwa neno hili asubuhi na jioni, njiani na mlangoni. Sisi tunaelekea kuamini kwamba ndani yake limo *-wene*, umbo la kitenzi cha kuona lionyeshalo tendo lililokwisha. Tukifasiri hivyo, salamu hii ni ya kuonana, kama ile ya Wazulu wa Afrika Kusini wasemao *Sawubona*, maana yake "twakuona".

Umbo hilo la -wene lilikuwapo pia pwani. Katika Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, uliochapishwa kwa uangalifu na William Hichens mwaka 1939, mshairi hutumia neno *uwene* kwa maana ya "umeona". Msomaji wa leo huhitaji kufasiriwa neno hilo. Lakini mwanafunzi wa hapa, akikumbushwa salamu ya nyumbani kwake, hulifahamu bila kamusi. Je, si ajabu kwamba neno lililofunga maana ya utenzi kwa msomaji wa mjini ni lile ambalo bibi kizee wa hapa hulitamka kila apitapo mlangoni petu?

Salamu za Kiswahili nazo zimejaa mabaki ya kale. *Hujambo* ni "huna jambo", yaani huna shida. Na *jambo* lenyewe latokana na kitenzi *amba*, maana yake kusema. Hakuna mtu leo asemaye "nilimwamba" akikusudia "nilimsema", lakini kitenzi hicho hakikufa. Kimo katika *ambia*. Kimo katika *kwamba*. Na kimo katika *ambaye*, *ambalo* na *ambazo*, ambazo mwalimu huziandika ubaoni kila siku bila kukumbuka kwamba anaandika kitenzi.

Katika *U hali gani?* umesalia ule ufupi wa zamani ambao nafsi peke yake hutosha bila *ni*: u, yu, tu, wa. Twaukuta pia katika methali, *Kikulacho ki nguoni mwako*. Mwanafunzi aandikaye "wewe ni hali gani" hajui kwamba ameacha kitu cha thamani alichokishika tayari mkononi.

Na *Shikamoo* ni "nashika moo", yaani naishika miguu yako. Katika karne ya 19, huko Unguja, ilikuwa salamu ya mtumwa kwa bwana wake. Leo maana hiyo imefutika, na limebaki neno la heshima ampalo mtoto mzee yeyote, tajiri au maskini. Tumelitaja ili ionekane kwamba neno laweza kuhifadhiwa na huku maana yake ikageuzwa, na pengine ikageuzwa kuwa njema zaidi.

III. Hesabu na nyakati

Kiswahili cha leo huhesabu *sita, saba, tisa* kwa maneno yaliyotoka Uarabuni. Hapo kale Waswahili walihesabu *tandatu, fungate, kenda*. Hata leo Wadigo husema *tandahu, fungahe, chenda*, na Wazigua husema *mtandatu, mfungate, kenda*. Je, hesabu hizo zimekufa katika Kiswahili? Hazikufa zote.

Fungate imesalia katika arusi. Bwana arusi na bibi arusi walikaa ndani siku saba baada ya ndoa, na siku hizo zikaitwa fungate, kwa kuwa ni saba. Siku hizi vijana husema "fungate ya siku tatu" au "fungate ya mwezi mmoja", nao hawaoni kosa, kwa sababu hawajui tena kwamba wanataja hesabu. Mchungaji awafundishaye wachumba aweza kuwaeleza asili ya neno hili. Tumejaribu, na tumeona kwamba husikiliza kwa furaha.

Kenda imesalia katika methali *Kenda karibu na kumi*, na katika jina la Wamijikenda wa pwani ya Kenya, yaani watu wa miji tisa. *Mosi* imesalia katika Jumamosi, katika "tarehe mosi", na katika sikukuu ya wafanyakazi iitwayo Mei Mosi. Tena katika juma letu zimo tano mbili zilizofuatana: *Jumatano*, ambayo ni ya tano kwa hesabu ya Kibantu tangu Jumamosi, na *Alhamisi*, ambayo kwa Kiarabu pia maana yake ni ya tano. Watoto hucheka wakiambiwa hayo, na wakicheka hawasahau.

*Mwongo* ulikuwa kundi la siku kumi. Mabaharia na wakulima wa pwani waliuhesabu mwaka wa jua kwa miongo, wakianzia Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka. Siku hiyo Makunduchi huisherehekea bado kila mwaka mwezi wa Julai kwa jina la Mwaka Kogwa. Na hiyo *koga* ni *oga* yetu yenye k ya zamani. Neno mwongo lilikuwa karibu kupotea, ndipo wataalamu wakalitwaa tena ili kutaja miaka kumi. Hivyo neno la kale limepewa kazi mpya.

Habari ya mchana na usiku ni nzuri zaidi kwa walimu. Hapo kale jua *lilikucha* na *likachwa*. Kwa lahaja ya Mombasa, *likatwa*, maana ch ya Unguja mara nyingi ni t ya Mvita. Tumebaki na "usiku kucha", yaani usiku hata kupambazuke, na "mchana kutwa", yaani mchana hata jua lizame. Kutwa ni umbo la Mvita, nalo limeshika mizizi katika Kiswahili cha watu wote, hata mashuleni kwetu. Twasema "shule ya kutwa" kwa shule ambayo watoto hurudi kwao jioni. Ni walimu wangapi, kati ya wale wafundishao katika shule za kutwa, waliopata kuwaambia watoto kwamba jina la shule yao lina machweo ndani yake?

Kadhalika *kaskazini* na *kusini*. Kaskazi ni upepo wa pwani uvumao toka kaskazini tangu Desemba hata Machi, na kusi ni ule uvumao toka kusini katikati ya mwaka, uliorudisha vyombo Arabuni na Bara Hindi. Mtoto wa Iringa ambaye hajaona tanga hata moja husema "kusini mwa Tanzania" kwa jina la upepo wa wanamaji.

IV. Nyumba na jiko

Katika jiko maneno hukaa muda mrefu, kwa sababu kazi za jiko hazibadiliki upesi, na kwa sababu watoto huzijifunza kwa mama na bibi kabla ya kuingia shule.

Yale mawe matatu yashikayo chungu, vitabu vya Unguja viliyaita *mafya*, umoja *jifya*. Huku bara, na katika Mrima pia, watu husema *mafiga*, umoja *figa*. Maneno haya mawili ni ndugu. Leo mafiga yamelishinda mafya karibu kila mahali Tanzania, hata yameingia katika siasa, ambako wagombea huomba kura kwa "mafiga matatu", yaani Rais, mbunge na diwani. Hapa neno la bara limeingia katika lugha ya taifa, wala si la pwani lililoingia bara.

Methali husema, *Figa moja haliinjiki chungu*. Wengine husema *Jifya moja*. Angalieni *injika*. Ni kuweka chungu juu ya mafiga, na kinyume chake ni *ipua*. Leo wengi husema *teleka*, na injika imebaki katika methali tu, kama mbegu iliyosahauliwa ghalani. Mwanafunzi akiulizwa maana ya methali hii hujibu upesi kwamba umoja ni nguvu. Akiulizwa maana ya injika hunyamaza. Basi ameshika funzo na kupoteza neno.

*Nyungu* ni chungu kwa lugha nyingi za bara. Mtawala wa Ukimbu aliyefariki mwaka 1884 aliitwa Nyungu ya Mawe. Katika Kiswahili cha kila siku chungu limechukua kazi yote ya upishi, na nyungu limebakiwa na kazi moja, ile ya tiba: mgonjwa hujifunika nguo akavuta mvuke wa majani yaliyochemshwa, na huko ndiko kupiga nyungu. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, neno hili lilisikika nchi nzima, mijini na vijijini, na watoto wa mjini wakaliuliza maana yake. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Neno jipya hutwaa kazi za kila siku, na la kale hubakiwa na kazi za tiba, za sherehe na za ibada.

*Kaya* ni neno la nne la nyumbani. Mgogo husema *kaya*, Mhehe *ikaye*, na Wamijikenda huziita hivyo ngome zao za msituni, ambazo baadhi yake ziliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kiserikali, kaya ni watu walao chungu kimoja, na karani wa sensa huuliza "mkuu wa kaya". Hivyo neno moja limetaja boma, nyumba na jamaa.

V. Methali

Methali zafanana na sanduku la bibi: ukilifungua hukosi kukuta vitu ambavyo duka haliviuzi tena. Tutatoa chache zinazosemwa sana mashuleni.

*Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.* Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele yake, na ngama ni pale chini ndani ya chombo panapokusanyika maji yanayokumbwa. Baharia hata azunguke namna gani, atarudi kuyakumba maji.

*Maji ya kifuu bahari ya chungu.* Mtoto adhaniye kwamba chungu hapa ni chombo cha kupikia, au ni kinyume cha tamu, hatapata maana. Chungu hapa ni wadudu wadogo, jamaa ya sisimizi. Maji yaliyomo katika kifuu cha nazi ni machache kwetu, lakini kwa mdudu yule ni bahari. Tumesikia methali hii ikifasiriwa vibaya hata mbele ya mkutano, na kosa lilikuwa katika neno moja tu.

*Usiache mbachao kwa msala upitao.* Mbacha ni mkeka mkuukuu, na -o ni "wako", kama vile katika mwanao na mkeo.

Lakini methali iliyotufunza zaidi ya zote ni hii: *Mchama ago hanyele, huenda akauya papo.* Mara ya kwanza tulipoisikia hatukuelewa hata nusu yake. Mchama ni mwenye kuhama. Ago ni kambi, mahali pa kulala wasafiri. Hanyele ni "hakunya", yaani hakupachafua. Kuuya ni kurudi. Basi maana yake: ahamaye kambi asiichafue, huenda akarudi pale pale.

Sasa tazameni maneno mawili. Hanyele limeundwa kwa kiungo cha kale -ile, ambacho pwani kimesalia katika tungo na methali tu. Lakini Mnyakyusa alimaye shamba lake hata leo husema *alimile* kwa maana ya "amelima". Kiungo kilichozeeka pwani kingali kijana Rungwe. Na kuuya, ambalo mahali pake pametwaliwa na *rudi* la Kiarabu, limo bado katika lugha za Wadigo na Wagiriama. Na Wanyakyusa husema *kubuja*, kurudi nyumbani. Kwa hiyo methali ya pwani ambayo kijana wa Dar es Salaam hawezi kuifasiri, mzee wa Tukuyu aweza kuifungua vitasa viwili.

VI. Vyeo na majina ya mahali

Katika nchi za Mbeya, Mbozi na Ufipa mtawala wa jadi huitwa *Mwene*. Pwani, cheo hicho kilikuwa *Mwinyi*. Na hata karne ya 19 kisiwa cha Unguja kilikuwa na Mwinyi Mkuu wake huko Dunga. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandiko yake yamo katika kile kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, alilichukua neno hili katika jina la baba yake. Na Wareno walipoandika "Monomotapa" huko kusini, walikuwa wamemsikia Mwene Mutapa. Sisi leo neno hili twalitumia bila kuvaa kilemba: *mwenye* nyumba, *mwenyeji*, *mwenyewe*. Katika *Mwenyezi Mungu* ndimo linamobaki na utukufu wake.

Majina ya mahali huhifadhi maneno hata baada ya wasemaji kuyasahau. Iringa latokana na *lilinga*, yaani boma, kwa ajili ya ngome ya Mtwa Mkwawa huko Kalenga, iliyotekwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Tosamaganga ni *tosa amaganga*, tupa mawe. Na wenyeji husimulia kwamba jina latokana na vita ile, mizinga ilipotupa "mawe" yake toka kilimani. Mjini Iringa kuna jabali liitwalo Gangilonga, jiwe lisemalo. *Longa* ni kusema, nalo limo katika kamusi za Kiswahili kwa maana ya kuzungumza, ingawa ni wachache walitumialo. Kila siku maelfu ya watu hutaja kata ya Gangilonga, na hivyo kitenzi hiki hakijanyamaza.

VII. Jinsi mambo yalivyofika hapa

Haifai kumlaumu mtu kwa kuanguka kwa maneno haya. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha ya vitabu, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi yake mwaka 1930. Kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson ikatoka mwaka 1939. Bila kazi hiyo mwalimu wa Iringa na mwalimu wa Mombasa wasingeweza kutumia kitabu kimoja, na sisi tusingeweza kuwaandikia ninyi nyote makala moja. Faida ni kubwa, wala hatutaki kuirudisha nyuma.

Lakini kipimo ni kipimo tu, si ghala. Wale waliotutangulia katika nchi hii walilijua hilo. Velten alichapa maelezo yake ya lugha ya Wahehe mwaka 1899. Na Padre Cassian Spiss, Mbenediktini, akachapa mkusanyo wake wa maneno ya Kihehe mwaka 1900, miaka mitano kabla hajauawa, akiwa askofu, katika Vita vya Maji Maji. Watu hao hawakungoja mpaka wapate wasaa mwingi.

VIII. Tahadhari na shauri

Mwenye kupenda maneno ya kale huweza kupotea upesi, akaona ukale kila mahali. Kwa hiyo twatoa tahadhari tatu.

Kwanza, kufanana si undugu. *Ganga* la Kihehe ni jiwe; *ganga* la Kiswahili ni kutibu, ndipo tupatapo mganga. Asiseme mtu kwamba Tosamaganga ni mahali pa waganga. Na *tosa* la Kiswahili, yaani kutupa majini, huenda ni ndugu wa tosa la Kihehe. Lakini kwa jozi moja hatuwezi kukata neno. Tupate kwanza jozi nyingine zifuatazo njia ile ile, kama tulivyofanya kwa mlanzi, injala na mgulu.

Pili, neno kuwa geni kwetu si ushahidi wa ukale. Pengine ni la juzi tu, limeletwa na wachuuzi au na redio.

Tatu, neno la kale si lazima liwe bora. Katika barua ya serikali, katika mtihani na katika kitabu cha hesabu mtoto aandike mwanzi, sita na kurudi. Kosa letu siku ile halikuwa kumfundisha neno *mwanzi*, ilimpasa kulijua. Kosa lilikuwa kulifuta lile la kwake kana kwamba ni uchafu. Mtoto aambiwaye kila siku kwamba usemi wa nyumbani kwao ni makosa hujifunza mambo mawili: kunyamaza darasani, na kuwadharau wazazi wake. Na bibi yake akifariki, hakuna tena wa kuulizwa.

Basi shauri letu ni hili. Kila mwalimu awe na daftari moja la maneno. Asikiapo neno asilolijua, asilisahihishe kwanza. Aliandike pamoja na sentensi nzima lilimosemwa, maana neno peke yake hudanganya. Aandike kijiji, tarehe, na kama msemaji ni mzee au kijana, mwanamume au mwanamke. Aulize lilitumikaje, katika kazi gani, na ni neno gani limetwaa mahali pake. Kisha alilinganishe na lugha mbili nyingine angalau kabla ya kutoa hukumu. Wachungaji nao wana nafasi ambayo walimu hawana, kwa sababu hukaa na wazee, na huitwa kwenye arusi na misiba, ambako maneno ya kale husemwa bila haya.

Sisi tulianza na la mtoto yule. Tulimrudishia daftari lake, tukaandika pembeni: "mlanzi, Iringa, mwanzi, Kiswahili sanifu, neno moja." Akalisoma, akaenda zake. Siku ya pili akatuletea maneno mengine manne kutoka kwa bibi yake, na mawili kati ya hayo hatujapata bado kuyafasiri.